Naomba ushauri: bunduki ya bolti nyepesi na fupi, ya kulenga bila darubini, kwa msitu wa miombo

MtuWaMiombo

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Tabora, nawinda kwa leseni ya wenyeji na natembea kwa miguu tu. Msimu ukianza Julai, nyasi ambazo moto haujazipitia bado zinafika kifuani. Mnyama nakutana naye mita arobaini au sitini, mara chache sana mia. Ninaowalenga ni pongo, ngiri na tohe, na leseni ikiruhusu, pofu. Nyati hayumo kabisa.

Bunduki niliyonayo ni ya kaliba kubwa, .375 H&H, niliyorithi kihalali kwa marehemu baba. Ni silaha ya kuaminika, ila ukiifunga darubini, mkanda na risasi zake inakaribia kilo tano, na mtutu wake mrefu unanasa kila tawi. Kwa pongo ni nguvu ya kupita kiasi, nyama yote ya bega inaharibika.

Nataka ya pili. Ya bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi), fupi, nyepesi, yenye vilengeo vya chuma kutoka kiwandani, maana darubini sitaifunga. Kibali nimeshaanza kukifuatilia polisi, huko hakuna tatizo. Ninachohitaji ni mawazo ya watu waliobeba bunduki za namna hii porini: kaliba gani (yaani risasi ya ukubwa gani), urefu gani wa mtutu, na vilengeo vya aina gani?

Kasulu_Kaskazini

Mkuu, kabla ya bunduki ulizia risasi. Nenda kwa wauzaji wenye leseni, uliza kaliba ipi wanaileta kila mwaka na kwa bei gani. Bunduki utainunua mara moja, risasi utazitafuta maisha yako yote. Kwa matumizi uliyotaja .308 inatosha, na haidai mtutu mrefu. Ukiukata kwa sentimita kumi unapoteza mita thelathini hivi kwa sekunde, na kwa mnyama wa mita sitini hutaona tofauti. .30-06 ina baruti nyingi zaidi, kwenye mtutu mfupi kishindo na mwali vinakera.

nsya_na_funo

Angalia CZ 527 ya mtutu mfupi. Ina kilo 2.7 hivi, mtutu sentimita 47, na vilengeo vizuri vya chuma. Kiwanda kimeshaacha kuitengeneza lakini zilizokwisha kutumika zipo. Ni nzuri kubeba kuliko bunduki yoyote niliyowahi kushika.

Kasulu_Kaskazini

@nsya_na_funo bunduki ni nzuri, nakubali, lakini inakuja kwa .223 au kwa 7.62x39, yaani risasi ya SMG. Ya kwanza ni ndogo mno hata kwa ngiri dume. Ya pili kwa pongo wa karibu sawa, ila kwa pofu hapana, dume anaweza kupita kilo 700. Na mwananchi anayeomba risasi ya kivita ajiandae kwa maswali mengi. Mimi simshauri.

Mzee_wa_Rungwa

Vijana, habari zenu. Nimefanya kazi ya mwindaji bingwa na sasa nimepumzika, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo.

Risasi iliyozaliwa kwa ajili ya maisha anayoyasema mwenye uzi ni 9.3x62. Aliitengeneza Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, mwaka 1905, akiwafikiria walowezi na maofisa wa misitu wa makoloni ya Kijerumani Afrika, nchi yetu ikiwemo. Waliitaka bunduki moja, ya bei nafuu, inayoingia kwenye Mauser 98, bunduki ya bolti ya Kijerumani, ya kawaida, ya kupiga swala leo na pofu kesho. Kichwa cha gramu 18.5 kinatoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Hakikimbii sana, na ndiyo sababu hakiharibu nyama kama mnavyofikiri. Kinapita moja kwa moja, damu inamwagika pande zote mbili, na mtafuta nyayo anaifuata bila shida. Kwenye nyasi za kifuani hilo ni jambo kubwa kuliko yote mnayoyajadili. Mnyama aliyejeruhiwa asipatikane ni dhambi na ni hasara.

Jambo la pili, bolti yenyewe. Tafuta ile yenye kucha ndefu ya Mauser inayoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Ukisukuma bolti umeinama, umelala au unahema, risasi haidondoki na hazigongani mbili.

Na msidanganywe na hadithi za W.D.M. Bell wa Karamoja, mwindaji wa ndovu wa zamani. Ni kweli aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57 ndogo, lakini alikuwa mlengaji wa kipekee na zama zile sheria hazikumdai kitu. Leo mnyama hatari anapigwa kwa .375 kwenda juu, basi.

MtuWaMiombo

Shikamoo mzee, asante sana kwa darasa. Hofu yangu ni teke la bunduki begani. Mimi ni mwembamba, na 9.3 kwenye bunduki ya kilo tatu naona itanifanya niifumbie macho.

Mzee_wa_Rungwa

Marahaba. Hofu yako ni ya haki. 9.3 chini ya kilo tatu na nusu inauma bega, na mtu anayeogopa bunduki yake hupiga tumbo badala ya kifua. Kama utaichukua, usiikimbilie nyepesi kupita kiasi. Kama uzito ndio shida kuu, chukua .308 na uwaache pofu walio mbali.

Lukwati77

Nina Ruger Gunsite Scout ya .308, nimeibeba misimu kadhaa. Mazuri yake: mtutu unazidi kidogo sentimita 40, uzito kilo 3.2 hivi, na ina kucha aliyoitaja mzee. Kitako chake kina vipande vya kuongeza na kupunguza urefu, kwa mtu mdogo hilo ni neema. Kilengeo cha nyuma ni duara: unachungulia ndani yake, unaweka ncha ya mbele juu ya mnyama, basi. Alfajiri, wakati mwanga bado hafifu, duara kubwa linapitisha mwanga kuliko kilengeo cha mfereji mwembamba wa V.

Mabaya: magazini ya risasi kumi inaning'inia chini pale pale ambapo mkono hushika bunduki unapotembea. Nunua ile fupi ya risasi tatu au tano. Na kishindo chake, uvae kinga ya masikio hata porini. Naomba hili msilipuuze, masikio hayarudi.

Tikka_Mtupu

Tikka T3x Battue pia ipo, na vilengeo vyake vimekaa juu ya ubavu mpana, yaani ukanda wa chuma ulio juu ya mtutu. Ni ya Wazungu wa Ulaya wanaopiga nguruwe mwitu wakikimbia.

Lukwati77

@Tikka_Mtupu ndiyo, na kwa mnyama anayekimbia mita thelathini ni ya haraka mno. Lakini pongo aliyesimama mita tisini nyuma ya kichaka, ule ubavu hauna makini ya kutosha.

FundiVipimo

Watu wanapuuza hesabu, ngoja niziweke hapa.

Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ndio unaoamua makosa yako. Ukiwa sentimita 40, kosa la milimita moja tu kwenye kulenga linakuwa sentimita 25 mita mia moja. Ukiwa sentimita 55, kosa lile lile linakuwa sentimita 18. Ndiyo maana kwenye bunduki fupi duara linalokaa nyuma kabisa, karibu na jicho, ni bora kuliko mfereji wa V uliofungwa katikati ya mtutu. Unarudishiwa urefu ulioupoteza.

Pili, upana wa ncha ya mbele. Ncha ya milimita 2 iliyo sentimita 80 kutoka jichoni inafunika sentimita 25 mita mia. Hicho ni kama kifua kizima cha pongo! Chukua nyembamba, ya milimita moja na nusu, nyeupe ionekane kivulini, na iwe na kofia ya chuma ya kuikinga na matawi.

Tatu, kitako. Vitako vingi vya siku hizi vimeinuliwa kwa ajili ya darubini. Dukani, hakikisha kwanza bunduki haina risasi, fumba macho, ipandishe begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Kama vilengeo havijakaa mbele ya jicho bila kubinya shavu, irudishe hata kama ni ya bei nusu.

nsya_na_funo

Lakini kwa nini asifunge darubini ndogo tu ya kukuza mara moja hadi nne? Macho yanazeeka.

FundiVipimo

Hoja ya msingi, na kwa mwenye miaka hamsini ningesema hivyo hivyo. Mwenye uzi umri wako ukoje? Ncha ya mbele unaiona kali, bila ukungu?

MtuWaMiombo

Nina 34, ncha naiona kama wembe. Kingine, msimu wa umande darubini ya baba inapata ukungu ndani, nimechoka nayo.

Wakuu nimeelewa. Nitaanza na .308 yenye duara, kama ya @Lukwati77 au inayofanana nayo, nikaipime begani kwanza. Ya baba itabaki kwa ajili ya pofu leseni ikitoka. Nikiipata, nianze kuilenga mita ngapi?

Mzee_wa_Rungwa

Anza mita 25 uone iko karatasini, kisha malizia mita 75, na risasi zile zile utakazowindia. Ikipiga chini, inua kilengeo cha nyuma. Ikipiga kushoto, kisogeze kulia. Cha mbele ni kinyume chake: ukiweka kirefu zaidi, risasi inashuka. Ukimaliza kwenye meza, piga umesimama na umepiga goti. Umbali ambao risasi tano zote zinaingia kwenye sahani ya chakula ukiwa umesimama, huo ndio mwisho wako porini.

MtuWaMiombo

Nimekupata mzee. Jumatatu nakwenda kuulizia bei ya risasi, nitaiweka hapa hapa.