Wadau, kisamvu na maharage ya kuchemshwa tayari mnanunua wapi?

MamaBunju: Habari zenu wadau. Natoka home saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, foleni imeshanimaliza, kukaa nachemsha maharage masaa mawili siwezi na gesi yenyewe inaisha fasta. Kwa hiyo nanunua maharage na makande ya kugandisha, yananisaidia mno. Shida ni kisamvu. Juzi nimechukua pakiti dukani imeandikwa cha nazi, napasha, harufu ya nazi hakuna kabisa, kugeuza pakiti nakuta maziwa ya unga na "ladha ya nazi". Mwanangu kala vijiko viwili kasukuma sahani. Bei sio tatizo, nataka nazi yetu na karanga zetu. Nyie mnafanyaje?

Kifuu: Pole dada. Nunua kilichotwangwa na kuchemshwa tu, kukiunga na nazi fanya mwenyewe. Mi Jumapili nakuna nazi nne, tui zito namimina kwenye trei za barafu, siku ya kupika natupia vipande vitano sita basi. Likiyeyuka linajitenga, usiogope, koroga tu mpaka lichemke litarudi.

JikoTandika: Mi nauza hivi vitu. Maharage yangu ya njano yanatoka Mbeya, naloweka usiku kucha, maji yale namwaga, halafu yanachemka kweli kweli. Magadi siweki, najua yanaivisha haraka ila yanaharibu vitamini B na ladha wateja wanaigundua hapo hapo. Wengi ni watu wa ofisini na mabachela, na swali la kwanza wala sio bei, wanauliza ya wapi haya, umeweka magadi? Kisamvu natwanga na kuchemsha muda mrefu mfuniko wazi, majani ya muhogo yana sumu usipoivisha vizuri.

Mzee wa Friza: Angalieni na barafu. Ukikuta pakiti imeganda bonge moja na barafu imejaa ndani, mara nyingi umeme ulikatika ikayeyuka ikagandishwa tena, iacheni. Na za dukani tafuteni alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, usajili wa vyakula uko kwao tangu 2019 ulipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa.

MamaBunju: Asanteni jamani, trei za barafu sikuwahi kuwaza! JikoTandika, Bunju unafikisha? Nataka maharage kilo mbili na kisamvu kisichoungwa, nazi nakuna mwenyewe Jumapili.