Naomba ushauri: filta ipi inafaa lori linalotumia oili ya sintetiki?

Habari zenu wakuu. Lori langu ni la dizeli, na miezi michache iliyopita nilihama kutoka oili ya kawaida kwenda sintetiki. Oili yenyewe sina shida nayo. Kinachoninyima usingizi ni filta, maana bado natumia ile ile ya karatasi niliyokuwa nikiibadilisha kila kilomita 5,000.

Sasa kama oili inakaa hadi kilomita 15,000, je, karatasi itahimili? Ninavyoelewa, filta ikijaa uchafu, valvu ya dharura inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwa sababu heri injini ipate oili chafu kuliko kuikosa kabisa. Hapo ndipo naogopa: taa ya onyo ya oili haiwaki, huku beringi zinalika kimyakimya.

Fundi wangu anasema nichukue yenye nyuzi za sintetiki, na raba ya ndani inayozuia oili kurudi chini iwe ya silikoni, kwani haikakamai upesi kwa joto. Naona ana hoja. Asubuhi nikiwasha, injini hugonga sekunde kadhaa kabla oili haijapanda, na nashuku hiyo raba imechoka.

Wenye uzoefu nisaidieni: mnabadilisha filta katikati na kujazia oili kidogo, au mnasubiri vyote pamoja? Na filta ndefu kuliko ya awali, inayofunga vizuri kwenye skrubu ile ile, ni salama? Valvu yake ikiwa inafunguka kwa presha tofauti na inayotakiwa nitajuaje?