Mrejesho: jicho la mdogo wangu mwenye soriasisi

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu mdogo wangu mwenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili), ambaye jicho lake moja lilikuwa jekundu, linauma na halivumilii mwanga hata kidogo. Asanteni sana, hasa mliosisitiza aende kwa daktari wa macho kabla ya kununua dawa yoyote dukani.

Siyo yale macho mekundu ya kuambukizana. Ni yuveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho. Daktari alieleza kwamba kinga ya mwili inayoshambulia ngozi inaweza kushambulia jicho pia, na hata viungo, yaani maungio ya mifupa. Akamuuliza kuhusu mgongo na vidole kukakamaa asubuhi. Kumbe vinamsumbua muda mrefu na hakuwahi kutuambia! Amepewa rufaa kwa daktari wa viungo.

Anatumia matone ya prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe, na mengine ya kupanua mboni ili irisi (sehemu yenye rangi ya jicho) isigande kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Tafadhali, mwenye soriasisi jicho likimuuma hivi asisubiri, maana uoni unaweza kupotea. Matone ya steroidi nayo hayaachwi ghafla. Yanapunguzwa taratibu huku presha ya jicho ikipimwa.

Maumivu yameisha, ukungu kidogo bado upo. Kama ataanza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, tutaambiwa kliniki ijayo.