Mafundi cherehani, msimu wa sare mnaumalizaje mkiwa bado na nguvu?

MamaUzi_Moro
Habari zenu wakuu. Nina fremu ya kushonea hapa Morogoro: cherehani tatu, ovaloki moja, na vijana wawili wanaonisaidia. Mwaka mzima mambo ni ya kawaida, gauni za harusi, kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Desemba, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakishatoka, hapo ndipo mambo yanapochacha. Kila mzazi anakuja na karatasi ya maelekezo ya shule, na kila shule na sketi yake: huyu marinda, yule solo sita, mwingine mfuko uwe wa ndani. Tunaingia saa moja asubuhi, tunatoka saa tano usiku, Jumapili hatuijui.

Kazi kuwa nyingi si tatizo, ndiyo tunayoiomba mwaka mzima. Tatizo ni kwamba ikifika wiki ya tatu tunakaa dukani zaidi lakini tunatoa nguo chache. Shati la saa moja linakula saa mbili. Vijana wananuniana kisa mkasi. Mteja akinisalimia namwona kama mdai. Februari hela ipo, ila hamu ya kukaa kwenye cherehani hamna kabisa. Tafadhali msiniambie ninywe maji na nifanye mazoezi, hayo redioni nayasikia kila siku. Nataka mtu aliyepanga kazi vingine ikamkubali.

KanzuZaIdd
Salaam dada. Mimi niko Mombasa, msimu wangu ni Ramadhani, na lile kumi la mwisho ndilo linalomaliza watu. Kilichonisaidia ni kutenganisha kazi ya akili na kazi ya mikono. Kukata ni kazi ya akili. Mshono mbaya utaufumua, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi, utamlipa mtu. Kwa hivyo mimi nakata baada ya alfajiri tu, kichwa kikiwa chepesi. Usiku ni vifungo, pindo na pasi, basi. Ukimwona fundi anakata saa nne usiku, jua kesho kuna mikono miwili ya upande wa kushoto.

La pili, usishone shati moja mwanzo mpaka mwisho. Kola zote pamoja, mikono yote pamoja, uzi mweupe siku moja, wa buluu siku nyingine. Kubadilisha uzi na bobini kila mara kunakula siku bila wewe kujua.

Na kaptula na sketi za buluu za shule za msingi huko kwenu si ni zilezile kila mwaka? Hizo shona Oktoba kwa saizi, uzitundike. Desemba iachie hao wa kidato cha kwanza na marinda yao.

MuuguziZamu
Naunga mkono, ila nikukumbushe hesabu, dada yangu. Saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku ni saa 16, mara siku saba ni 112. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Wewe umeshaipita hiyo 55 mara mbili.

Hayo uliyoeleza, mwili kuisha, kumwona mteja kama mdai, na kutumia muda mwingi kutoa kidogo, ndizo dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kwa uchovu wa kazi. Haliuiti ugonjwa, linasema unatokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Kulala siku nzima shule zikifunguliwa hakulipi deni la wiki tano. Pata usingizi wa kueleweka kila usiku, hata msimu ukiwa umepamba moto.

Mwajiriwa_Tu
Wote mnamshauri mwenye duka. Vijana je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Siku nzima, pamoja na za ziada, isizidi saa 12. Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kuwalipa kwa kipande kusikufanye udhani wako nje ya hayo. Tafuta mtu wa tatu wa vifungo na pasi tu, wiki hizo chache. Wananuniana kwa sababu wamechoka, mama, mkasi ni kisingizio.

MamaUzi_Moro
Mwajiriwa umenigusa, sibishi. Dada wa vifungo nitamweka, na Jumapili tutafunga, hata majirani wakifungua. La Oktoba mtaji wa vitambaa unabana, labda nianze na kaptula za saizi ndogo ndizo zinazotoka haraka. Sasa kaka wa kanzu, nikiweka kibao "Oda za Januari mwisho tarehe 27 Desemba" si wateja watanikimbia?

KanzuZaIdd
Wachache watakimbia, na wengi wao ni wale wasiotoa advansi. Ila andika 23. Kuna wa "fundi, nimechelewa kidogo tu", hao wana siku zao nne.