Umenunua dizeli kuukuu mbali na nyumbani: uliiandaaje kabla ya safari? Tupeane uzoefu

Mngoni wa Mjini

Wakuu, habari za leo. Nimepata Land Cruiser mkonga, ile ndefu, injini 1HZ, kwenye mnada wa magari ya mradi. Lilikuwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili), sasa nafuatilia namba za kiraia. Lipo Dar, nyumbani ni Songea. Hapo ni Morogoro, Mikumi, Kitonga, Makambako, Njombe, karibu kilomita 1,000 na gari ambalo bado hatujajuana tabia.

Linawaka bila kusumbua, moshi wake wa kawaida, na dalali ameniapia kwamba naweza kwenda nalo mpaka Lusaka bila kufungua boneti. Dalali asipoapa atakula wapi?

Naomba waliowahi kupeleka nyumbani gari la namna hii waseme walianzia wapi, hela waliiweka kwenye nini, na kipi kinaweza kusubiri. Pesa ya matengenezo ipo, ila si ya kumwaga.

Fundi wa Zamani

Hongera mkuu. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika tupu. Ndiyo maana watu wanaiamini mpaka wanapitiliza. Chuma cha injini ile kinadumu, lakini kinachokulaza porini ni mpira. Gari la mradi huweza kuegeshwa uani miaka kadhaa likisubiri vikao vya kuliuza. Kilomita haziongezeki, ila belti, hozi na sili za breki zinazeeka pale pale zilipo.

Anza na taimingi belti, mkanda unaopanga mwendo wa valvu na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, na wengi wakiona haijawaka wanatulia. Taa ile haiuoni mkanda hata kidogo. Inahesabu kilomita tu, inawaka zikitimia 100,000 (baadhi ya matoleo 150,000), na fundi anayezijua hizi gari anajua namna ya kuizima. Kwa hiyo taa isiyowaka haikwambii kama kilichoshughulikiwa ni mkanda au ni taa yenyewe. Kama hakuna risiti, chukulia mkanda haujabadilishwa. Badilisha pamoja na beringi yake ya kukazia, maana mkanda mpya kwenye beringi iliyochoka ni hela umetupa. Ukikatika njiani valvu zinakutana na pistoni, na hapo utaongea habari ya kushusha injini.

Pili, belti za feni. Watu wanazidharau kwa sababu ni bei rahisi. Kwenye 1HZ belti hizo zinazungusha pampu ya maji na oltaneta inayochaji betri. Belti zikikatika njiani, chaji imekufa na maji hayazunguki. Funga mpya, za zamani weka nyuma ya kiti kama akiba.

Hozi za rejeta ziminye injini ikiwa baridi. Iliyolainika karibu na klampu, au inayotoa mlio wa kukatikakatika ndani ukiiminya, itoe. Usisahau zile fupi za hita zilizojificha nyuma ya injini, fundi mvivu huwa hazioni.

Oili ya injini, oili ya giaboksi, oili za difu, maji ya breki: vyote mwaga, weka vipya. Ya difu ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, gari lilivuka maji na maji yakaingia.

Mama Mbao

Kaka, mimi nilinunua pikapu ya dizeli Dar kwa ajili ya mbao, niko Mafinga. Nilimchukua fundi wangu wa kwetu, nikamlipia basi na chakula, watu wakanicheka eti Dar mafundi wamejaa. Wamejaa kweli, ila ninayemjua mimi ni huyu.

Akaliwasha likaunguruma mpaka likapata moto sawasawa, akalizima. Feni iliposimama akaweka kiganja kwenye rejeta, akawa anakishusha taratibu, juu, katikati, pembeni. Juu hakugusa hata sekunde, akatoa mkono. Kona ya chini, upande wa dereva, vidole vikatulia kabisa. Akaniita: "Mama, weka mkono hapa." Pamoto kidogo tu, kama ukuta uliopigwa jua. Maji hayakuwa yakipita pale, njia zimejaa kutu, kwa sababu mwenye gari miaka yote alijazia maji ya bomba.

Gari lile lingezunguka Kariakoo na Tegeta mwaka mzima lisichemshe. Mlima wa Kitonga lisingevuka. Tukaitoa rejeta, ikafunguliwa, ikasafishwa kwa mtu wa rejeta, tukaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) badala ya maji ya bomba.

Jambo jingine: walikuwa wameng'oa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto. Mafundi wengi wanaona ndiyo dawa ya kuchemsha. Kwenye dizeli nyingi za Toyota themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato, maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwenye tambarare hutajua. Fungua uangalie kama ipo.

Pale Kitonga wahi kupanda asubuhi, malori yakiwa hayajajaa. Ukinasa nyuma ya semi, acha nafasi, baki gia ndogo injini izunguke, usiisukume kwa gia kubwa. Sindano ikianza kupanda, fungua hita ya ndani mpaka mwisho na vioo vyote, utatoka jasho lakini joto linapata pa kwenda. Ikibidi usimame, usizime hapo hapo, iache iungurume taratibu. Na mfuniko wa rejeta usiguswe!

Tairi Kumi na Sita

Matairi. Angalia kwenye ubavu, tafuta DOT, namba nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. 1215 maana yake wiki ya 12, mwaka 2015. Tairi la gari la mnada linaweza kuwa na kashata (meno ya juu) nzuri ya kuvutia huku ubavuni limepasuka vistari. Hilo halifiki Mikumi. Na spea tairi lishushwe chini ya gari kabla hujaondoka, mnyororo wake ukiwa umeganda kwa kutu bora ujue ukiwa Dar.

Haraka Haraka

Mnajitesa bure. Pakia kwenye lori linalorudi tupu, unalisubiri Songea umekunja nne. Yakiharibika mengine yataharibikia nyumbani.

Fundi wa Zamani

Haraka Haraka, hoja yako naielewa, na kama gari lina dalili mbaya ningesema hivyo hivyo. Lakini nauli ya lori inatosha kufunga mkanda, belti na hozi zote, na vitu hivyo atavifunga tu hata akilipakia. Tena ukiliendesha mwenyewe siku nzima ndipo unalijua gari. Ila kabla ya yote fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi mwingi kwa nguvu kama inataka kurusha mfuniko, ringi za pistoni zimekwisha. La namna hiyo lipakie.

Mkaazi wa Bonde

Hamjambo majirani. Mimi nilitoa pikapu kuukuu Mombasa nikipeleka Eldoret. Ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe misimu kadhaa, tenki nusu. Mekanika wa pale akabadilisha filta ya dizeli, akapiga ile pampu ya mkono, ikanguruma vizuri, nikatoka. Mariakani sawa. Kabla ya Voi ikaanza kukosa nguvu, unakanyaga haiendi, ukiachilia inapata pumzi, ukikanyaga tena inafifia. Hiyo ni tabia ya filta inayoziba.

Dizeli ikikaa na maji ndani ya tenki huota uchafu pale mafuta na maji yanapokutana, unakuwa kama ute mweusi. Ukianza safari, msukosuko wa barabara unauamsha wote. Filta mpya haiwezi kushindana na tenki chafu. Pale Voi tenki likashushwa, likaoshwa, filta ikafungwa nyingine, na nikanunua za ziada nikaweka kwa gari pamoja na spana yake. Wewe shusha tenki kabla ya kutoka, achana na habari ya kufungua nati ya chini tu, uchafu wenyewe unashikilia kuta.

Halafu jua kwamba gari iliyotegeshwa pampu huku chini pwani, ukifika nayo juu itatoa moshi mweusi. Timboroa, njiani kwenda Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mafuta yanabaki yale yale. Usiogope, na usimruhusu mtu aguse skrubu ya pampu njiani.

Mngoni wa Mjini

Wakuu, nimewasoma. Leo nimekaa na fundi chini ya gari. Taimingi belti ina vipande vya meno vimeanza kuliwa, na taa ya T-BELT kimya! Mkanda na beringi yake vinafungwa kesho. Rejeta imepita mtihani wa kiganja, Mama Mbao asante.

Swali: gari hili lina matanki mawili na swichi ya kubadili kwenye dashibodi. Fundi anasema la pili halijatumika siku nyingi. Niliache?

Mkaazi wa Bonde

Usiguse hiyo swichi mpaka tenki lishushwe. Ukibadilisha ukiwa katikati ya mbuga unamimina uchafu wa miaka kwa filta yako. Kama pesa haitoshi kuosha yote mawili, osha unalotumia, na chomoa waya wa swichi kabisa ili mkono usikutume.

Karani wa Stoo

Mambo ya karatasi hayajaguswa. Kadi ya gari na nyaraka za mnada beba halisi na nakala. Bima ikatwe kwa namba utakayotembea nayo barabarani. Kagua kama gari lina deni la faini za trafiki kabla hujamaliza malipo, maana deni linafuata namba, halimfuati aliyelitenda. Mtungi wa zimamoto usiwe umekwisha muda, pembetatu za kuakisi ziwepo. Na vibao vya 50 kwenye vijiji uviheshimu, tochi za trafiki za kupima mwendo hazilali.

Hita Plagi

Nami kidogo. Mkuu hakikisha gari ni la volti ngapi. Mkonga nyingi za mashirika ni 12, lakini zilizotoka soko la ndani la Japani unakuta mfumo wa 24, betri mbili zimeunganishwa. Jamaa yangu alitaka kusaidiwa kuwasha na taksi ya volti 12, stata ikawa inanung'unika tu. Bora wasimame hapo kuliko kuunganisha vibaya wakaunguza kitu.

Pili, hizi injini zikishawaka hazihitaji umeme mwingi, ila kuna swichi ndogo ya sumaku kwenye pampu inayofungulia mafuta. Waya wake ukilegea gari linazima ghafla kama limekata mafuta, na utafungua mabomba yote bure. Kabla ya kugusa bomba, kamata ule waya uukaze. Kwangu ilitokea nje kidogo ya Chalinze na fundi aliyekuja na begi zima la spana aliondoka hajafungua hata moja.

Tatu, Dar huwezi kujua kama plagi za kupasha moto zinafanya kazi, joto linakusaidia kuwasha. Ukilala Makambako au Njombe mwezi wa saba, asubuhi ndipo utajua. Zipime na tester moja moja ukiwa bado Dar, iliyokufa haipitishi umeme. Bei yake ni ya kawaida na kuzifunga hakuchukui nusu siku.

Siku ya kwanza usikimbie. Lala Morogoro. Ukisimama tu, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mkono kuona kama kuna kinachochemka kuliko vingine, hiyo ni beringi au breki inayobana. Injini ikipoa pima oili na maji, angalia chini kama kuna tone jipya. Mafuta jaza jioni ile ile, tenki tupu usiku linatengeneza maji ndani. Ukiona kila kitu kiko sawa, saa kumi na moja alfajiri uko barabarani, Mikumi unaipita taratibu kukiwa kumeshapambazuka, na Kitonga unaikuta kabla jua halijawa kali.