Zimamoto mstaafu anagombea Congress (bunge la Marekani), hivi mtu wa mshahara anatoboa kweli Marekani?

mbeba_koti:
Wakuu habari za humu. Huku Marekani nilipo jumamosi nimegongewa mlango na mzee mmoja, ujanani alikuwa jeshini, akatoka akaingia zimamoto miaka ishirini na kitu mpaka akastaafu, sasa anagombea Baraza la Wawakilishi. Hana kampuni wala hajasomea sheria, ukishikana nae mkono tu unajua huyu kabeba mipira ya maji. Nimemkubali ila najiuliza, mpinzani wake ni wakili mwenye hela zake, huyu mzee mwaka mzima wa kampeni anakula nini? Au ndo wale wenye watu nyuma ya pazia? Halafu mimi nina grinikadi tu (kibali cha ukaazi wa kudumu, sio raia), naweza kumsaidia au najitafutia kesi?

Bint Saidi:
Anakula pensheni mkuu, siri yenyewe ndo hiyo. Watu wanadhani zimamoto wanagombea sababu ya ushujaa, sawa, gwanda linafungua mlango, ila fundi bomba na dereva wa lori nao ni wachapakazi mbona huwaoni kwenye karatasi ya kura? Akiacha kazi miezi kumi nyumba inakwenda na bima ya afya inakatika. Zimamoto wengi wanastaafu wangali na nguvu, hela inaingia kila mwezi, siku nzima ni yake ya kugonga milango. Akiwa bado kazini na zile zamu za saa 24 angegombea saa ngapi?

kalamu nyekundu:
Naongezea hapo kwa Bint Saidi. Desemba 2023 tume ya uchaguzi ya shirikisho, FEC, ililegeza kanuni, mgombea anaweza kujilipa kutoka kwenye michango, mwisho ni nusu ya mshahara wa mbunge au wastani wa kipato chake cha miaka mitano iliyopita, anachukua iliyo ndogo. Mbunge analipwa dola 174,000 tangu 2009 kwa hiyo haiwezi kuzidi 87,000. Tatizo lazima hiyo hela uwe umeshaichangisha, na ukijilipa tu mpinzani anatoa tangazo kwamba unakula michango ya watu 😂 Maxwell Frost wa Florida kampeni ya 2022 alikuwa anaendesha Uber, akashinda, akaenda Washington kutafuta nyumba ya kupanga akanyimwa sababu ya madeni. Mbunge mteule huyo!
Kuhusu grinikadi, kuchangia unaruhusiwa na kujitolea unaruhusiwa. Kupiga kura ndo usithubutu, hapo utafukuzwa nchi.

Jemadari Mchovu:
Mimi hizi habari za mtu wa kawaida zinanichosha kidogo. Dan Osborn wa Nebraska alikuwa navy (jeshi la majini), fundi mitambo, kaongoza mgomo wa kiwanda cha Kellogg's pale Omaha 2021, akagombea seneti 2024 bila chama, na bado kashindwa. Ila niwe mkweli, alipata kama asilimia 47 kwenye jimbo ambalo Trump alishinda kwa tofauti ya pointi 20 hivi, si haba.
Sasa mzee wako usimuulize kazima moto mangapi. Muulize akifika bungeni kura yake ataipeleka wapi. Mfano kuna sheria ilisainiwa Januari 2025 ikafuta utaratibu wa kuwapunguzia wenye pensheni za serikali mafao yao ya Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali kuu), zimamoto wengi walikuwa wanaumia hapo miaka na miaka. Na 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zimamoto kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani. Kama mambo hayo hayajui huyo ni picha ya gwanda tu, na hata ile picha yake ya gwanda la jeshi ukiangalia chini utakuta maandishi madogo kwamba haimaanishi jeshi linamuunga mkono.

mbeba_koti:
Asanteni. Kapita tena jana nikamuuliza hilo la saratani, akanyamaza kidogo halafu akanihesabia kwa vidole wenzake aliowazika, vidole vya mkono mmoja havikutosha. Na la pensheni kacheka, anasema mkewe bado ni nesi wa zamu ya usiku kwa sababu bima ya familia iko kwake. Nimejiandikisha kugawa vipeperushi jumamosi, mimi nimepewa maghorofa yasiyo na lifti, goti lake ngazi halipandi tena.