Mjadala: Shule zetu zijaribu mifumo endeshi ambayo haijatoka rasmi?

Mwalimu, Tororo, Uganda (mwanzisha mada)

Jamani, hoja hii imewagawanya walimu kwetu, naileta tuichambue. Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa Microsoft, iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Maabara nyingi za shule zina mashine kuukuu zilizotumika ng'ambo kabla ya kufika huku, na Windows 11 inazikataa: hazina chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, au prosesa imepitwa na wakati. Sasa vijana wa klabu ya kompyuta wameomba mashine mbili tu waweke matoleo ya majaribio: moja Windows ya Insider (mpango wa Microsoft wa kujaribu matoleo kabla hayajatoka), nyingine Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, ikiwa bado beta, yaani haijatoka rasmi. Msimamizi wa maabara amekataa katakata, eti shule si karakana.

Mimi nasema wapewe. Tunawafundisha watoto kubofya, wanamaliza kidato cha sita hawajui programu inazaliwa vipi. Kwenye toleo la majaribio kitu kitavunjika, na mwanafunzi atalazimika kuuliza kimevunjika wapi, lini, kwa hatua zipi, kisha aiandike taarifa hiyo mtengenezaji aielewe. Hakuna somo la darasani linalofundisha hivyo.

Tena kuna hili: wengi wanaojaribu mifumo hii wanaishi kusikokatika umeme. Nani atawaambia watengenezaji kwamba umeme ukienda sasisho likiwa katikati, mashine haiwaki tena? Tukikaa kimya, mfumo utatoka ukiwa umepimwa kwa maisha ya wengine.

Fundi, Nasser Road

Mwalimu, heshima yako, lakini mimi napinga. Toleo la majaribio lina tarehe ya kufa. Wakubwa mnaikumbuka Windows 7: toleo la mwisho la majaribio liligawiwa bure Mei 2009, watu wakalifanya lao kabisa. Kuanzia tarehe 1 Machi 2010 likawa linazima kompyuta kila baada ya saa mbili, na tarehe 1 Juni muda wake ukaisha. Huku kwetu, mtaa wa wachapaji Kampala, mtu anasubiri kadi za harusi ya Jumamosi. Utamwambia nini?

Na hizo mashine kuukuu msidanganyane. Mwaka 2021 Microsoft iliziruhusu baadhi ya mashine zisizotimiza masharti zijaribu Windows 11 kabla haijatoka. Ilipotoka Oktoba, zikaambiwa zirudi Windows 10, tena kwa kusafisha diski na kuanza upya. Mlijaribu, asanteni, kwaherini.

Mwanafunzi wa chuo, Mbarara

Mzee wa Nasser, hapo kwa Windows nakubaliana nawe. Ubuntu beta ni habari nyingine, kwa sababu siku ya kutoka unasasisha tu na unajikuta kwenye toleo rasmi bila kuformati chochote.

Ila mnasahau kisa cha Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa akipima mambo yake kwenye Debian (mfumo wa bure ambao Ubuntu imejengwa juu yake), lile toleo lake lisilo thabiti. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengine tungelaumu mtandao tukaenda kunywa chai. Yeye alichimba, akakuta mtu ameficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotegemewa na seva nyingi duniani. Alitangaza tarehe 29 Machi, kabla matoleo thabiti ya Debian na Ubuntu hayajaguswa. Beta ya Ubuntu 24.04 ikasogezwa wiki moja ili vifurushi vya programu zake vijengwe upya. Asingekuwepo mtu wa kutumia kitu kibichi, tungekipata sote kikiwa kimeiva na sumu yake.

Fundi, Nasser Road

Kwa hiyo waliokuwa na toleo bichi ndio waliobeba mlango wa nyuma. Kijana, umenisaidia kubishana.

Mwanafunzi wa chuo, Mbarara

Na ndio waliouona, ssebo.

Karani wa ofisi ya mawakili, Jinja

Mnazungumzia kuvunjika tu. Windows ya Insider inakutaka uwashe utumaji wa taarifa za ziada kuhusu kompyuta na matumizi yako; usipowasha, hupewi matoleo. Kwa mwenye laputopu yake ni hiari yake. Kwa kompyuta yenye majina ya wanafunzi, alama na karo, si hiari ya mwalimu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na watoto wanahitaji ridhaa ya wazazi. Nani aliwauliza?

Mzazi, Busia

Hakuna aliyeniuliza, na mimi ndiye mlipaji. Mashine zenyewe hazitoshi, watoto wanabanana kwenye skrini moja, halafu mbili zitolewe za kuvunjia! Mtihani wa vitendo wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, haungoji mtu aandike taarifa ya hitilafu. Na bando? Faili moja la kusakinisha linapita GB 5, matoleo mapya yanafuatana, na tangu Julai 2021 data inatozwa kodi ya asilimia 12.

Kama shida ni usalama, kuna njia ya kuchosha isiyo na sifa: viraka vya kulipia, yaani marekebisho ya usalama ya Windows 10 yanayouzwa na Microsoft. Bei iliyotangazwa kwa taasisi za elimu ni dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Mbona hilo halikutajwa, Mwalimu?

Mwalimu, Tororo

Mama, viraka vinunuliwe, sipingi. Vinalinda maabara, ila havimfundishi mtoto kitu.

Dada wa Jinja, mashine hizo hazitakuwa na jina la mtu wala kugusa mtandao wa mhasibu. Kwa hoja yako na ya Mzee wa Nasser, Insider naiondoa, ibaki Ubuntu.

Lakini msiseme toleo rasmi ndilo salama. Tarehe 2 Oktoba 2018 Windows 10 ilitoa sasisho lake kubwa, rasmi kabisa, likafuta nyaraka za baadhi ya watu. Siku nne baadaye likasimamishwa. Wajaribu walikuwa wameliripoti tatizo hilo miezi kadhaa kabla, ila ripoti zao zilipata kura chache za watumiaji wenzao zikazama. Wangekuwa wengi zaidi wanaojua kuripoti, ingekuwaje?

Fundi, Nasser Road

Ubuntu peke yake, nimelegeza kidogo. Bando lisiwe kisingizio, leteni flashi ya GB 8 dukani niwanakilie. Muhula wa mitihani mashine zirudishwe kama zilivyokuwa.

Mzazi, Busia

Nimesoma yote. Bado napinga, na nitalisema kwenye mkutano wa wazazi.